Kuingia pabu ya Uingereza kwa mara ya kwanza: kuanzia mlangoni hadi basi la kurudi

Kila Septemba, wanafunzi wapya na ndugu wanaokuja kutembea wakishawasili hapa Nottingham, maswali ninayopata kuhusu pabu, yaani baa za Kiingereza, ni yale yale. "Tumekaa nusu saa hakuna aliyetuhudumia, wametubagua?" "Mbona bia yao haina baridi?" "Mimi sinywi pombe, naruhusiwa kuingia?" "Wenzangu wa kazini wamenialika Ijumaa, nijiandae na pesa kiasi gani?" Nimeyajibu kwenye simu, kwenye tramu, na nje ya kanisa baada ya ibada. Leo nayajibu yote kwa pamoja.

Swali la kwanza nalielewa vizuri kwa sababu lilinikuta mwenyewe. Ilikuwa jioni ya Novemba, mvua ya manyunyu, nikaingia pabu moja karibu na Old Market Square nikachagua meza safi pembeni. Nikakaa. Wahudumu wakawa wanapita na glasi tupu mikononi, wananitabasamia, halafu wanaendelea na shughuli zao. Baada ya nusu saa, mzee wa meza ya jirani, mbwa wake amelala miguuni pake, akaniinamia na kuniambia kwa upole kwamba hapa mtu huenda mwenyewe kaunta. Akamalizia na neno "duck". Nilidhani ameniita bata. Baadaye nikajua kwamba Nottingham huitana hivyo, wake kwa waume, kama mama wa sokoni kwetu anavyokuita "mwanangu" bila kukujua.

Shika hilo alilosema mzee: pabuni hakuna anayekuja kwako, wewe ndiye unayekwenda. Karibu kila kosa la mgeni linaanzia hapo.

Andaa haya kabla hujatoka

- Pasi ya kusafiria. Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini pabu nyingi humdai kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au Tanzania mara nyingi hakikubaliki, na kadi ya chuo pia. Iweke pasi mfuko wa ndani wenye zipu, usiiache mezani hata dakika moja.
- Kadi ya benki ya kugusa, au simu iliyounganishwa na kadi. Kuna pabu ambazo hazipokei taslimu kabisa. Kugusa bila namba ya siri huweza kuwa na kikomo kinachowekwa na benki. Kama kadi yako ni ya benki ya nyumbani, waarifu benki kabla ya safari, na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa paundi, chagua paundi. Ukichagua shilingi unakatwa zaidi.
- Noti mbili tatu za paundi 10, kwa siku mashine itakapogoma.
- Chakula tumboni. Nitaeleza kwa nini.
- Saa ya basi, tramu au treni ya mwisho. Iandike kabla hujaanza kunywa.
- Koti. Hata Juni.

Nguo za pekee hazihitajiki. Watu huingia pabu na buti za ujenzi, na meza ya pili amekaa wakili na tai yake. Klabu ni habari nyingine, tutaifikia.

Hatua kwa hatua

1. Isome pabu ukiwa bado nje

Kibao kinachoning'inia mlangoni ni jina la pabu na pia mchoro wake: simba mwekundu, mti wa mwaloni, taji. Ni desturi ya zamani sana. Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliwalazimisha wauza pombe watundike alama nje ili wakaguzi wazitambue nyumba zao. Pabu nyingi zinazoitwa Royal Oak, yaani Mwaloni wa Kifalme, zimechukua jina kwa mti ambao Mfalme Charles II alijificha juu yake baada ya kushindwa vitani Worcester mwaka 1651.

Wewe angalia vitu vitatu. Kwanza, chungulia dirishani: kuna watu wa kila umri wanaongea, au ni kundi moja linapiga kelele? Kwa mara ya kwanza chagua pabu ya maongezi. Pili, soma ubao wa chaki: utakuambia kama kuna chakula, muziki, au mashindano ya maswali na majibu, ambayo huwa jioni ya katikati ya wiki na ni njia nzuri sana ya kufahamiana na watu. Tatu, uliza kama leo kuna mechi.

Hili la mechi nalisisitiza, kwa sababu sisi watu wa Afrika Mashariki tunavaa jezi za Ligi Kuu ya Uingereza kama sare ya taifa. Huku jezi ni kabila. Mtu akiingia na jezi ya Manchester United kwenye pabu ya karibu na Anfield siku ya mechi, anaweza kukataliwa mlangoni, au akaingia akajuta. Pabu nyingi za karibu na viwanja hubandika tangazo kwamba siku hiyo ni za mashabiki wa nyumbani tu. Siku ya mechi jezi ibaki kwenye sanduku, na ukiulizwa timu yako, sema umekuja kuangalia mpira.

2. Ingia, tazama, kisha amua meza au kaunta

Ukikuta kibao kinachosema usubiri kupewa meza, subiri. Hicho huwekwa mahali pa chakula. Usipokiona, uko huru. Mkiwa wawili, mmoja akae ashike meza, mwingine aende kaunta. Ukiwa peke yako, simama au kaa kwenye kiti kirefu pale pale kaunta, lakini acha nafasi watu waagize. Angalia kama meza ina kikaratasi cha aliyeiwekea nafasi, kina jina na saa. Kama kimeandikwa saa mbili usiku na sasa ni saa kumi na mbili, unaweza kukaa, mradi uondoke kabla ya muda huo.

Usishtuke ukikuta mbwa chini ya meza na bakuli la maji karibu na mlango. Pabu nyingi zinamruhusu mbwa. Kama hupendi kuguswa naye, kaa mbali au mwambie mwenye mbwa. Atamvuta kamba bila ugomvi.

3. Simama kaunta, ujue zamu yako

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, nami nitakaa kidogo.

Mbele ya kaunta huenda usione foleni. Utaona watu wamesimama ubavu kwa ubavu, kama vile hakuna utaratibu. Utaratibu upo. Kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na mhudumu naye anajua. Unapofika, tazama kulia na kushoto uwakariri waliotangulia. Mhudumu akikugeukia wewe kabla ya wao, nyoosha mkono kumwonyesha aliyetangulia. Mwenyewe nimeona watu wakipata marafiki wa usiku mzima kwa tendo hilo dogo. Kuna pabu ambako watu hupanga mstari mmoja siku hizi, ukiukuta, ufuate.

Usipige makofi. Usitoe mlio wa "sss" kama tunavyomwita mhudumu kwetu. Huku hilo ni tusi. Usigonge glasi na sarafu, usipunge noti, usiite "sista". Simama tu umeelekea kaunta, kadi mkononi, mtazame mhudumu usoni. Akikuona atatikisa kichwa kidogo: hiyo ni ahadi kwamba zamu yako inakuja. Wakati huo amua unachotaka, maana kufika zamu yako halafu ukaanza kusoma bei ukutani huwaudhi wote walio nyuma yako.

4. Chagua kinywaji

Bia huuzwa kwa painti. Painti moja ni mililita 568, yaani ni kubwa kuliko chupa ya mililita 500 uliyoizoea. Nusu painti ni mililita 284 na hakuna anayekucheka ukiagiza nusu. Bei katika miji mingi ya nje ya London huwa kati ya paundi 4 na 6 kwa painti. London hupanda zaidi.

Ukitazama kaunta utaona mabomba membamba yenye taa au nembo, hizo ni bia za baridi zenye gesi, na ladha yake utaitambua mara moja kama umewahi kunywa Tusker au Safari. Pembeni yake utaona mipini mirefu ya mbao au kauri. Hizo ni pampu za mkono, na bia yake ndiyo fahari ya pabu za Kiingereza. Mhudumu huvuta mpini taratibu, mara mbili tatu, na bia hupanda kutoka kwenye pipa lililo chumba cha chini ya ardhi. Bia hii bado ina hamira hai. Inamalizia kuchachuka humo humo pipani, ndiyo maana haina gesi kali na hunywewa ikiwa na nyuzi 11 hadi 13 tu. Wanaosema ni "bia ya moto" wanakosea. Sisi tunaoulizwa "baridi au moto?" kila tunapoagiza nyumbani tungepaswa kuielewa kuliko wageni wengine: ni kati kwa kati. Mwaka 1971 wanywaji walianzisha chama cha CAMRA kuitetea bia hii isipotee, na ni kwa juhudi zao bado ipo.

Huijui? Omba kuonja. Kwa bia za pampu ya mkono ni kawaida kabisa, watakupa kidogo kwenye glasi ndogo bila malipo. Onja moja au mbili, usionje sita.

Mengine kwa haraka. Guinness ya bomba huku ina kilevi cha kama asilimia 4, nyepesi kuliko ile ya chupa tunayouziwa nyumbani. Pombe kali hupimwa toti ya mililita 25 au 35. Ukisema "double" unapata toti mbili, na bei hupanda. Divai huja kwa mililita 125, 175 au 250, na hiyo ya 250 ni theluthi nzima ya chupa.

Onyo: saida, yaani pombe ya matufaha, ni tamu kama juisi na imewaangusha wengi. Zile za kienyeji za upande wa magharibi ya Uingereza hufika asilimia 7 na kuendelea. Soma asilimia kwenye nembo kabla ya kuagiza, anza na nusu.

Kama hunywi pombe, hatua hii ni yako pia. Ingia bila hofu. Pabu zote zina soda, juisi na maji, nyingi zina kahawa na chai, na karibu zote sasa zina bia isiyo na kilevi. Maji ya bomba ni haki yako bure Uingereza, Wales na Scotland katika nyumba yenye leseni ya kuuza pombe inywewe hapo hapo. Kinywaji cha bei nafuu ambacho wengi hawakijui ni maji ya gesi yaliyotiwa sharubati ya ndimu; sema "soda and lime". Ukiagiza "lemonade" usitegemee maji ya limau ya nyumbani, utaletewa soda nyeupe kama Sprite. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hunywi. Akitokea wa kuuliza, "leo siyo" inatosha.

5. Agiza kwa mpangilio

Agiza vyote kwa mara moja, usitaje kimoja kimoja mhudumu akienda na kurudi. Kama kuna Guinness kwenye orodha, itaje kwanza kabisa, kwa sababu humiminwa mara mbili na huachwa itulie kama dakika mbili. Mhudumu atatengeneza vingine wakati inatulia. Ukiitaja mwisho, wote wanaisubiri.

Sentensi ni fupi: kiasi, jina, na "please". Ukishindwa kutamka jina la bia, onyesha mpini kwa kidole, wenyeji wenyewe hufanya hivyo. "Please" na "thank you" zisikauke mdomoni usiku kucha. Kiswahili chetu kina adabu yake ndani ya kitenzi, "naomba" peke yake inatosha. Kiingereza bila maneno hayo mawili kinasikika kama amri, hata kama moyo wako ni mwema.

6. Lipa hapo hapo

Hakuna kuhesabu chupa tupu mezani mwisho wa usiku. Unapewa kinywaji, unalipa, unaondoka nacho. Baadhi ya pabu hukubali kufungua bili kwa kushika kadi yako. Usifanye hivyo mara ya kwanza, ni rahisi kusahau kadi au hesabu.

Bakshishi haitarajiwi kaunta. Ukihudumiwa vizuri na unataka kushukuru, mwambie mhudumu "and one for yourself": anaongeza thamani ya kinywaji kimoja kwenye bili yako. Ukila chakula mezani na kuhudumiwa hapo, asilimia 10 ni ungwana, lakini tazama kwanza kama haijaongezwa kwenye risiti.

7. Elewa raundi kabla hujakubali kinywaji cha bure

Sisi tunajua ofa. Mwenye nacho siku hiyo anazungusha meza, na asiyenacho anakunywa kwa amani. Kesho ni kesho. Raundi ya Uingereza inafanana na ofa kwa macho tu. Wenzako wanne wakienda pabu, wa kwanza ananunua vinne, wa pili vinne, wa tatu, wa nne. Ukikubali glasi ya kwanza, umeingia kwenye mzunguko na una deni la kununulia wote. Hakuna atakayekudai kwa mdomo, lakini aliyekunywa vitatu akaondoka kabla ya zamu yake hukumbukwa kwa miezi.

Kijana mmoja aliyefanya kazi nami aliharibu jina lake hivyo bila kujua. Alidhani wakubwa wa kazi wanamkirimu mgeni, akashukuru sana, akaenda zake kuwahi basi. Nilimweleza, na Ijumaa iliyofuata akawahi kaunta akanunua raundi ya kwanza kabla ya yeyote. Wakampigia makofi na mambo yakaisha.

Fanya hivi: nunua ya kwanza au ya pili, glasi za wenzako zinapobaki robo. Kama mko watu wanane na mfuko hauruhusu, au hunywi zaidi ya kimoja, sema mapema kabisa, "najinunulia mwenyewe leo". Inaheshimiwa. Kama wewe unakunywa soda, bado uko kwenye raundi ukikubali; unaweza pia kukataa kwa maneno hayo hayo.

8. Agiza chakula mapema

Jikoni hufungwa kabla ya kaunta, mara nyingi saa tatu usiku, na kwingine hupumzika mchana. Unaagiza kaunta kwa kutaja namba ya meza, ambayo imeandikwa kwenye kona ya meza yenyewe. Ikariri kabla ya kusimama.

Jumapili mchana kula nyama ya kuokwa: vipande vya ng'ombe, kondoo au kuku, viazi vya oveni, mboga, mchuzi mzito na andazi kubwa jepesi lenye shimo katikati. Huisha mapema, usifike saa kumi na moja jioni. Hapa Nottingham ukitaka kitu cha haraka ulizia "cheese cob", mkate wa mviringo wenye jibini. Ukiwa mji mwingine jina hilo huenda lisieleweke.

Kwa Waislamu na wengine wenye miiko, soma hapa taratibu. Pai nyingi za nyama zimepikwa kwa bia. Samaki wa chipsi mara nyingi amechovywa kwenye unga uliokorogwa na bia. Soseji isiyotajwa ya nyama gani, ichukulie ni nguruwe. "Gammon" ni nguruwe. Na kaunta kuna pakiti ndogo zimetundikwa pamoja na krispi za viazi, zimeandikwa "pork scratchings": ni ngozi ya kitimoto iliyokaangwa. Wapishi wanalazimika kisheria kukueleza kuhusu vyakula 14 vinavyosababisha mzio, lakini pombe na nguruwe havimo katika hiyo 14, hivyo uulize wewe.

9. Sikiliza kengele

Kwa miaka mingi pabu za Uingereza na Wales kwa kawaida zilifunga saa tano usiku. Sheria iliyoanza kutumika Novemba 2005 iliruhusu kila nyumba kuomba saa zake, lakini pabu nyingi za kawaida bado hukaa hapo hapo. Kama dakika kumi kabla, kengele ya shaba hugongwa na mhudumu hupaza sauti "last orders". Huo ndio wakati wa mwisho wa kununua. Kengele ya pili maana yake kaunta imefungwa. Unapewa muda wa kumalizia, aghalabu dakika 20. Usiagize vitatu kwa hofu ukavibugia. Nimeona usiku mwingi mzuri ukiharibikia kwenye dakika 20 hizo.

Ukiinuka, rudisha glasi kaunta. Si lazima, ila mhudumu atakukumbuka.

10. Ukitaka kuendelea: baa za usiku na klabu

Mlangoni utakuta mabaunsa. Kwa sheria lazima wawe na leseni, na huivaa mkononi ionekane. Wataomba pasi, watapekua begi. Viatu vya michezo na kaptula vinaweza kukuzuia kuingia kwenye baadhi ya klabu, hivyo soma masharti kabla. Kununua tiketi mapema ni nafuu kuliko mlangoni, hasa kwenye kumbi za muziki kama Rock City, iliyopo hapa tangu 1980. Mitaa ya Hockley na Lace Market ina baa nyingi kwa karibu, unaweza kutembea moja hadi nyingine.

Glasi yako isikae peke yake. Ukienda msalani, mpe rafiki aishike au imalize. Usipokee kinywaji ambacho hukukiona kikimiminwa.

11. Rudi nyumbani

Tofautisha teksi za aina mbili. Ile yenye taa ya teksi inayowaka juu, ambayo ina ruhusa ya kusimamishwa barabarani, unaweza kuipungia mkono. Gari la kukodi la kawaida lazima liitwe kwa simu au programu. Dereva anayekufuata mlangoni mwa klabu akisema "teksi, teksi" anavunja sheria na huna bima ndani ya gari lake. Kagua namba ya gari kabla ya kupanda.

Usiendeshe. Kikomo Uingereza na Wales ni miligramu 80 za kilevi kwa mililita 100 za damu, Scotland ni 50 tangu Desemba 2014, na painti mbili zinaweza kukupeleka mahakamani. Kwa mwanafunzi au mwenye viza ya kazi, kesi hiyo inagusa ukaaji wako.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kunywa tumbo tupu ndilo la kwanza. Kwetu bia huandamana na nyama choma na ndizi; huku watu hunywa painti nne na pakiti ya krispi. Usiwaige. Kula kwanza.

La pili ni kuvuta sigara ndani. Ni marufuku tangu 2006 Scotland, na tangu 2007 Wales, Ireland Kaskazini na Uingereza. Toka nje, lakini uliza kama glasi inaruhusiwa kutoka nawe.

La tatu, kuwaleta watoto usiku. Mchana wanakaribishwa pabu nyingi, na bustani ya nyuma huwa na nafasi ya kucheza, ila kuanzia saa mbili au tatu usiku nyingi hutaka waondoke. Aliye chini ya miaka 16 asiachwe peke yake ndani.

La nne ni kwa wanaopenda historia. Hapa mjini pabu tatu zinagombania sifa ya kuwa kongwe kuliko zote: Ye Olde Trip to Jerusalem, Bell Inn na Ye Olde Salutation. Ukuta wa Trip umeandikwa 1189, lakini jengo unaloliona ni la karne nyingi baadaye. Nenda hata hivyo. Vyumba vyake vya nyuma vimechongwa ndani ya mwamba wa mchanga chini ya ngome, ukuta ukiugusa unabaki na chembe mkononi, na kuna merikebu ya mbao iliyofunikwa vumbi zito ambayo hakuna anayethubutu kuifuta kwa sababu ya hadithi ya waliokufa baada ya kuisafisha. Kosa ni kwenda Jumamosi usiku, huoni kitu kwa wingi wa watu. Nenda Jumanne saa tisa mchana.

Ukikwama

*Mhudumu hanioni.* Hama, simama karibu na mashine ya kulipia au pampu. Usisimame pembeni kabisa wala nyuma ya nguzo.

*Silielewi analosema.* Omba arudie. Lafudhi za Newcastle, Glasgow na Liverpool huwatatiza hata Waingereza wa kusini. Mara nyingi anauliza jambo moja kati ya matatu: painti au nusu, barafu au bila, taslimu au kadi.

*Bia ina ladha ya siki.* Imeharibika. Irudishe ukiwa umeonja kidogo tu, sema kwa upole, watakubadilishia. Ukinywa hadi nusu ndipo ulalamike, hutaeleweka. Kama ni ya ukungu, uliza kwanza, zipo zinazotengenezwa hivyo.

*Povu limejaa, bia kidogo.* Omba uongezewe: "could you top that up, please?" Ni haki yako.

*Wamekataa kuniuzia.* Ni kosa la jinai kumuuzia aliyelewa, hivyo mhudumu akiona umezidiwa hana hiari. Kunywa maji, toka. Usibishane na baunsa. Hatabadili neno mbele ya foleni.

*Nadhani nimebaguliwa.* Kwanza jiulize kama ulikwenda kaunta. Kama ulikwenda na waliokuja nyuma yako wakahudumiwa tena na tena, omba kuonana na meneja, andika saa na jina la pabu. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza kumnyima mtu huduma kwa rangi au dini yake. Huna sababu ya kubaki hapo kulipa pesa yako.

*Mtu ananisumbua.* Mwambie mhudumu yeyote. Katika pabu na baa nyingi, mtu akienda kaunta akamuulizia "Angela", wafanyakazi huelewa kwamba yuko hatarini na humtoa kwa siri au kumwitia teksi. Mpango huo ulianzia Lincolnshire mwaka 2016.

*Nahisi kinywaji kimetiwa kitu.* Ukilewa ghafla kuliko ulivyokunywa, kaa na mtu unayemwamini, mwambie mhudumu, piga 999. Usiondoke peke yako, wala na mtu uliyekutana naye usiku huo hata akijitolea kukusindikiza. Glasi iachwe ilivyo, polisi wanaweza kuipima.

*Pasi imepotea.* Rudi pabu asubuhi kabla ya yote, vitu vingi huokotwa chini ya makochi wakati wa usafi. Isipopatikana, iripoti kwa ubalozi wako. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ofisi za ubalozi London.

*Nimekosa treni ya mwisho.* Usikae stesheni, nyingi hufungwa usiku. Rudi sehemu yenye watu na mwanga, ita teksi kwa programu, au tafuta mabasi ya usiku. Miji mikubwa huwa nayo Ijumaa na Jumamosi. Mpigie mtu umwambie uko wapi kabla chaji haijakwisha.